Kufuli kwenye picha ya Xavery

Rustika, mbona hupokei simu? Basi soma. Niko hapa nje ya ukumbi wa parokia.

Xavery amemchora baba yangu. Marehemu baba! Picha ya rangi za mafuta, kubwa kama mlango, imetundikwa kwenye maonyesho watu wote waione.

Baba anatembea kama mpagazi wa zamani, kabeba nyumba yetu ya Cheyo kichwani. Nyumba nzima! Madirisha yana meno, ngazi zinapanda mpaka mawinguni. Nikasogea karibu. Dirishani niko mimi. MIMI, na kitenge changu cha njano, nafunga pazia.

Nikamfuata Xavery mbele za watu. "Nani kakuruhusu?" Mpuuzi anacheka. "Mimi mtani wenu, Levina. Msibani nilivaa koti la mzee nikamwigiza anavyochechemea, mkacheka."

Msibani ndiyo! Mtani ana ruhusa yake msibani. Tukishazika, yameisha! Utani gani wa kutundikwa ukutani? Mshenzi kabisa. Alikuja kumwona mzee mara moja tu, akanywa chai yangu, kumbe anapeleleza.

Nikataka kuishusha. Mama akanizuia. Unajua wakati wote baba anaumwa yeye alikuwa Urambo kwenye tumbaku, mimi ndiye niliyemuuguza. Akavaa miwani, akaweka kidole pale pichani, kwenye kile chumba kidogo cha nyuma.

"Levina, baba yako alikuwa analala humu?"

Nikamvuta mkono tuondoke.

"Sasa mbona kufuli iko nje?"