Nyama ya Mkwe

Jumatatu, 1 Oktoba 1984. Matinyani.

Debe linachemka tangu asubuhi. Nyani aliyepigwa risasi kwenye shamba la shule sasa ni mifupa na supu chafu. Harufu imefika ofisini na hedmasta ananiangalia vibaya. Shauri yake. Vitabu vya picha hakuna, mifupa tunayo.

Fomu Tatu wamepanga mikono mitatu mezani. Nyani: vidole vifupi, gumba refu lenye nguvu, kwa sababu anatembea chini na kuchimbua mizizi. Tumbili: kiganja chembamba, vidole virefu, gumba fupi. Mbega, mkono wa zamani niliokuta kabatini: gumba hakuna kabisa, kinundu tu. Huyo anaruka matawini, vidole vinne vinamtosha kama kulabu, na anakula majani. Nikawaambia mkono unasema mwenyewe alikula nini, na alikula wapi. Nimeipenda hiyo sentensi. Nimejisifu kidogo.

Mbwa wa kijijini ameiba mguu wa nyani kwenye debe. Wanafunzi wamemkimbiza hadi barabarani, wakarudi mikono mitupu. Nimekasirika siku nzima.

Jumapili, 7 Oktoba

Baada ya kanisa, mimi na mke wangu Ndunge tulienda kwao. Huu ukame umemaliza watu. Mbuzi wa mwisho wa wakwe alikufa mwezi wa nane. Nilitarajia mahindi ya njano ya msaada, na nilikuwa nimejiandaa kuyasifu.

Nyama! Bakuli zima, na mchuzi. Mama mkwe hakutoka jikoni, kama kawaida. Tangu nimwoe binti yake hatujawahi kutazamana usoni. Nthoni ni nthoni, adabu ya wakwe. Mkwe na mama mkwe wakikutana njiani kila mmoja anatazama kichaka chake, na kilicho ndani ya chungu cha mama mkwe hakinihusu. Ndunge alileta bakuli, akasema mama ametega sungura. Nyama kavu kidogo, lakini tamu. Nimeongeza. Nimetuma asante, nikamsikia mama akicheka huko jikoni, kicheko cha furaha. Yule mama afadhali alale njaa kuliko mkwe aondoke kwake bila kula nyama.

Jumatano, 10 Oktoba

Mtoto wa Kavata, jirani wa wakwe, amepotea tangu juzi. Msichana, miaka mitatu. Nimetoa Fomu Tatu wote tukatafuta mtoni na vichakani. Hatukupata kitu. Watu wameanza kunong'ona. Njaa ikizidi huku kwetu, watu hutafuta mchawi. Sipendi ninayoyasikia.

Ijumaa, 12 Oktoba

 Niandike upesi.

Ndunge alikuja darasani bila viatu. Wanataka kumchoma mama. Sijui nilifikaje kule.

Uwanja umejaa. Mbwa alikuwa amefukua kiganja kidogo jalalani kwa mama mkwe. Hakina ngozi. Kimepikwa. Vidole vitano. Kavata amelala mchangani, analia kwa sauti sijawahi kuisikia kwa binadamu. Vijana wamemfunga mama mkwe kwa kamba ya ng'ombe, mmoja ana mafuta ya taa. Naibu wa chifu anapiga filimbi, nani anamsikia? Wazee wa kanisa wamo, watu tunaokaa benchi moja. Mchawi! Amepika mtoto! Na yeye kimya. Hata "si mimi" hakusema.

Nikakinyang'anya kile kiganja. Ngai wakwa, Mungu wangu! Nilijua kabla sijakigeuza. Chembamba, kirefu, gumba fupi. Na ncha za mifupa zimeungana, ngumu. Mtoto wa miaka mitatu, ncha zake bado ni gegedu. Huyu alikuwa amekomaa, mwili tu ndio mdogo. Tumbili.

Halafu nikajua na la pili. Jumapili. Lile bakuli.

Nikainua macho, mama mkwe alikuwa ananitazama. Usoni. Mara ya kwanza. Nikadhani ananiomba nimwokoe. Wapi! Alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana. Usiseme. Yule mama alikuwa tayari afe kama mchawi, lakini isijulikane kwamba alimpikia mkwe wake tumbili. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kuona mafuta ya taa.

Nikasema. Kwa sauti ya darasani, Mungu anisamehe. Nikamvuta mtoto mmoja aliyesimama pale, nikaweka mkono wake kando ya kile kiganja. Tazameni gumba. Tazameni upana. Huyu ni tumbili, na mimi mwenyewe nimemla Jumapili, ndani ya nyumba hii.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka. Kicheko kikashika uwanja mzima. Wakamfungua huku wanacheka. Hata yule wa mafuta ya taa alikuwa anajifuta machozi. Mama mkwe akajifunika leso kichwa chote, akaingia ndani.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mtoto amepatikana. Mzima kabisa, yuko mjini Wote. Shangazi yake alimchukua akamlishe, akatuma mtu aje kusema, mtu mwenyewe akalewa njiani. Hakuna aliyekuja kuomba msamaha. Hakuna hata mmoja!

Nimetapika. Si kwa sababu ya nyama. Nyama ilikuwa tamu.

Alhamisi, 18 Oktoba

Sokoni wanamwita Mama Tumbili. Watoto wanajikuna kwapa wakipita mlangoni pake. Akina mama wa kanisa wamehamisha maombi ya Jumatano, hawataki chai yake. Hatoki. Na hawa wanaocheka, nusu yao wamechemsha ngozi za viti mwaka huu, najua. Nawachukia leo. Kesho nitajaribu kuacha.

Somo lilikuwa fuvu. Mifuko ya mashavu. Tumbili akipata chakula anakificha mashavuni, anakimbia nacho, anakwenda kukila mahali ambapo hakuna wa kumwona. Mbega hana mifuko hiyo, ana tumbo kubwa lenye vyumba, karibu na la mbuzi. Kila mmoja na njia yake ya kushinda njaa. Nilifika hapo nikashindwa kuendelea. Nimewapa zoezi, nikatoka nje.

Jumapili, 28 Oktoba

Mvua imenyesha jana, ya kwanza. Tumeenda kwa wakwe tukikanyaga matope, raha.

Mahindi ya njano na kunde kidogo. Nimemaliza yote. Nikamwomba Ndunge ampelekee mama shukrani zangu, na amwambie sikuwa na njia nyingine. Ningemwacha achomwe?

Ndunge akaenda jikoni, akakaa sana. Aliporudi alisimama mlangoni, hakuniangalia. Akasema mama ana swali moja tu. Kwa nini sikusema kwamba mbwa ameutoa huo mkono kwenye debe la shule?

 Nimeiosha sahani yangu mwenyewe, nikaiweka dirishani ikauke. Tumeondoka kabla mvua haijaanza tena.