Lango la Sultani

Likoni,
Agosti 1992

Kwa dadangu mpenzi Waridi,

Shikamoo. Barua hii imeandikwa na fundi ambaye kuanzia kivuko hadi Mtongwe hana mpinzani. Ukuta nikiujenga mimi, tetemeko la ardhi hubisha hodi kwanza. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita kwa kuwahurumia walimu tu.

Natumai wewe na shemeji Mwinyihaji mwaendelea vyema huko Tanga, na mimba haikusumbui. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama limepoa; sasa nikimjibu vibaya ananifukuza hadi barabarani. Habari za Sultani, samaki uliyeniapisha nimtunze kuliko nafsi yangu, ziko mbele. Usiruke mistari, nakujua.

Lile tangi la kioo uliloniachia lilitia huruma, dada. Nyumba haina hata kizingiti! Nikasema Sultani, kwa ile rangi yake ya samawati na kile kiburi chake, anastahili lango. Nikaokota mawe ya matumbawe kule tunakojenga na fundi Kitsao, nikayasugua kwa brashi bila sabuni, nikayaloweka mpaka maji yakawa maangavu.

Kujenga nikafuata sheria ya fundi, kwamba mchanga ndio godoro la jiwe: unaumwaga, unaushindilia, ndipo unalilaza jiwe juu yake. Mawili yakasimama, la tatu likalala juu yao, na pimamaji ikasema sawa. Wallahi, watoto walijaa dirishani. Jumwa, yule jirani muuza mbaazi, akataka nimjengee na yeye. Nikamwambia anunue samaki kwanza. Mama peke yake ndiye aliyesema jiwe la juu linamtazama kama mkwe mwenye kisirani. Nikamjibu kwamba ujenzi awaachie wenyewe. Akanifukuza hadi barabarani.

Sultani alihamia siku ile ile. Akawa anachimba mchanga kwa mdomo chini ya lango, anautema kando, kama kibarua aliyeahidiwa biriani. Nikamsifu kwa bidii yake.

Kesho yake nikamhadithia fundi Kitsao kazini. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini, akasema hajapata kusikia mpangaji anayekula msingi wa nyumba yake. Nami nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka, nikaaga kwamba tumbo linaniuma.

Sasa yale mawe nimeyapanga upya. Mawe ya chini yamekaa kwenye sakafu ya kioo yenyewe, nimeyatandikia kipande cha plastiki, na mchanga nimeumwaga mwisho, ukayazunguka. Nimeyasukuma kwa kidole, nimeyasukuma kwa kiganja, hayakutikisika. Utayaona ukija na mtoto, inshallah.

Nisalimie shemeji. Mama anakusalimu, Jumwa anakusalimu, na wale samaki wadogo wote wa tangini wanakusalimu.

Sultani hakusalimu, dada. Niliporudi mbio siku ile nilikuta lango limeinama, naye yuko chini ya jiwe la juu. Nimemzika kwenye mpapai, upande wa kivuli. Mama alinishauri nikuandikie kwamba alikufa kwa uzee, lakini Sultani hakuwa mzee. Na wewe siku unaondoka ulisimama pale mlangoni, begi mkononi, ukaniambia nikitaka kuweka mawe, mawe kwanza, mchanga baadaye. Nilikusikia vizuri.

Mimi nduguyo,
Mbwana