Mbwa Anayengoja Adhana

Gasenyi, 9 Julai 2000

Bwana Seifu,

Salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Natumaini Joëlla hajambo huko Kigoma na mimba inaendelea vizuri. Wewe pia, natumaini hujambo.

Sikuandikii kwa kupenda. Ulipomwoa binti yangu sikuja harusini, na sinia la pilau alilolileta mama yako nililirudisha getini likiwa bado la moto. Sijabadilika. Nakuandikia kwa sababu ya mbwa wako. Joëlla aliniomba nimtunze mpaka mpate makazi, akalia, nikakubali. Hakuniambia kwamba Turbo hana breki.

Alfajiri anazunguka uani, anachimba, anagonga geti kwa kichwa. Juzi aliruka ukuta akamfukuza mwenye baiskeli hadi karibu na kizuizi cha askari. Siku hizi za vita, pale hawaulizi mbwa ni wa nani. Kinachokimbia kinapigwa risasi. Jirani yangu Odette alinisaidia kumkamata, akaniambia, "Muzee, iyi imbwa itakuua siku moja."

Nilikuwa mwalimu mkuu hadi nilipostaafu. Nimetuliza watoto wa watu maisha yangu yote, na huyu amenishinda. Niambie la kufanya, la sivyo nitamtoa. Akilimali, yule mfanyabiashara wa mawese anayepanda meli, atakupa barua hii na atangoja jibu.

Hyacinthe,
baba yake Joëlla

*

Kigoma, 30 Julai 2000

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Joëlla anakusalimu sana. Akisikia harufu ya samaki anatapika, na hapa Kigoma sijui nimpeleke wapi asiisikie. Mimi natengeneza injini za boti, kazi ipo.

Nakuomba usimtoe Turbo. Nilimpata akiwa mdogo, nikamweka gereji kwangu, kule mjini mtaa wa Buyenzi, awe mlinzi. Mama asingeweza kubaki naye, kwa sababu ya udhu wake na mate ya mbwa. Ndiyo maana Joëlla akakuletea wewe, na pia hakutaka ubaki peke yako kwenye nyumba ile.

Fanya hivi, baba. Usimfunge kamba shingoni, atajikaba. Mshonee mkanda wa kupita kifuani. Asikimbie akiwa na chakula tumboni. Aanze kwa kutembea polepole mpaka mwili upate moto, kisha mkimbize nyuma ya baiskeli mpaka achoke kabisa. Mbwa aliyechoka hana fujo.

Mkweo,
Seifu

*

Gasenyi, 3 Septemba 2000

Bwana Seifu,

Salamu kwenu nyote. Mwambie Joëlla atafune tangawizi.

Kwanza, mimi si baba mkwe wako. Andika jina lako, yatosha.

Pili, ushauri wako umeniongezea balaa. Mkanda wa kifuani ni mzuri, hapo nakubali. Lakini baiskeli! Xavier, mume wa Odette, alijitolea kumkimbiza kila siku. Sasa Xavier ndiye anayelala mchana kutwa, na mbwa amepata mapafu ya mwanariadha. Kila wiki anataka mbio zaidi ya wiki iliyopita. Juzi walitoka jua likiwa kali, wakapita kwenye lami, na nyayo zake zimebabuka. Namwosha kwa maji ya chumvi naye ananilamba mkono. Nimeona huruma, nakwambia kweli.

Ningepaswa kujua. Watoto waliokimbia sana wakati wa mapumziko ndio walionisumbua zaidi darasani. Miguu imefanya kazi, kichwa bado.

Nina swali. Alfajiri na alasiri, kabla hajaanza wazimu wake, Turbo husimama masikio juu na kutazama upande wa mjini. Anakaa hivyo muda mrefu. Ulikuwa unamfanyia nini saa hizo?

Hyacinthe,
baba yake Joëlla

*

Kigoma, 1 Oktoba 2000

Mzee wangu,

Shikamoo, na pole kwa kuuguza. Joëlla anatafuna tangawizi, imemsaidia.

Kosa la baiskeli ni langu. Uwanja wa gereji ulikuwa mchanga mtupu, sikufikiria lami. Siku nyingine weka mgongo wa mkono wako juu ya lami. Ukishindwa kuuacha hapo, yeye pia hawezi kukanyaga. Kwa sasa asikimbie hata kidogo mpaka nyayo zipone.

Swali lako limenikalisha chini. Gereji ilipakana na nyumba ya mama, na msikiti hauko mbali. Adhana ya alfajiri ikilia nilikwenda kuswali, Turbo akilala getini kuningoja. Nikirudi ndipo tulipotoka kutembea. Alasiri vilevile: nikitoka msikitini nilimfichia tambara lenye grisi kati ya matairi, alitafute kwa pua. Magharibi kazi ilikwisha, namfunga, naoga, basi. Sikumfundisha kwa makusudi. Mwenyewe alijua kwamba sauti ile ikipita, atangoja kidogo, halafu atafanya kazi, halafu atapumzika.

Gasenyi adhana haimfikii. Nadhani mbwa anangoja ruhusa isiyokuja, baba, na akichoka kungoja ndipo anaharibu.

Sikuombi uadhini. Najua mipaka yangu.

Seifu,
mume wa Joëlla (ulisema jina latosha, nimeongeza kidogo)

*

Gasenyi, 10 Desemba 2000

Seifu,

Salamu nyingi. Mgongo umetulia, ajabu. Natumaini Joëlla anapumzika, maana siku zake zinakaribia.

Nilicheka peke yangu kwa lile neno la kuadhini, hadi Odette akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikafungua kabati nikatoa kengele ya shule niliyopewa siku ya kuagwa. Napiga kengele alfajiri. Turbo analala getini, mimi nakunywa chai. Chai ikiisha tunatoka, polepole kwanza, kamba ikiwa imelegea. Akivuta, nasimama. Nikisimama, anakaa. Mwanzoni tulichukua asubuhi nzima kufika kwa Odette, na majirani walidhani nimepoteza akili. Kwenye nyasi namwacha akimbie mwisho wa kamba ndefu, na namkatiza akiwa bado ana hamu. Alasiri namfichia kitambaa cha kufutia ubao, anakitafuta uani kwa pua. Hilo ndilo linalomchosha kuliko baiskeli ya Xavier! Kengele ya pili, tumemaliza, tunalala wote wawili.

Wiki iliyopita tulifika kwenye kizuizi, risasi zikalia ng'ambo ya bonde. Watu walikimbia. Mimi nilisimama kwa woga tu, Turbo akakaa. Askari mmoja akasema, "Iyi imbwa ilisoma." Nikamwambia imesoma kwangu. Na Buyenzi kidogo.

Nyumba hii ilikuwa imeninyamazia tangu Joëlla aondoke. Sasa nikiamka kuna anayeningoja. Sikujua kama ningefurahia jambo hilo.

Hyacinthe

*

Kigoma, 4 Machi 2001

Mzee wangu,

Shikamoo. Tuombee, nasi tunakuombea.

Redio inasema vita vimeingia mitaa ya kaskazini huko kwenu na watu wanahama. Akilimali amerudi bila barua yako. Anasema njia ya kwenda Gasenyi imefungwa. Joëlla hali chakula vizuri.

Amejifungua, baba. Ni mtoto wa kike, wote wawili wazima. Siku ya saba imepita na hana jina. Joëlla anasema hatamwita chochote mpaka babu yake ajibu, na mimi nimeona haya kumbishia.

Kama ni Turbo anayekuchelewesha, mfungue umwache. Nasema kweli. Jiokoe wewe.

Seifu

*

Kigoma, 25 Machi 2001

Baba,

Shikamoo. Mtoto bado hana jina. Tuandikie hata neno moja.

Seifu

*

Buyenzi, 8 Aprili 2001

Mpendwa Seifu,

Salamu kwako, kwa Joëlla na kwa mdogo. Akilimali ameniletea leo barua zako zote mbili kwa pamoja. Mimi ni mzima. Tazama juu ya karatasi uone ninaandika kutoka wapi.

Asubuhi tuliyohama risasi zilianza upande wa milimani, na mtaa mzima ukatoka, magodoro kichwani. Odette na Xavier walienda kwa ndugu zao. Nilimvalisha Turbo mkanda, nikatia kengele mfukoni. Ulisema nimwache, barua haikuwa imefika, na hata ingefika nisingekutii. Katika msongamano ule watu walisukumana, watoto walipiga kelele, na yeye alitembea ubavuni kwangu, kamba imelegea. Kila kizuizi nilisimama naye akakaa. Mbwa wengine walipigwa risasi mbele ya macho yetu.

Nilikuwa nakwenda mtaa wa Mutanga Sud kwa mwalimu mwenzangu wa zamani. Nikakuta geti lake lina kufuli, naye kahama. Nikashuka kuelekea mjini bila kujua naenda kwa nani. Niliogopa, Seifu. Sijawahi kukosa mahali pa kwenda.

Tulikuwa tumesimama kando ya njia adhana ya alasiri ilipolia. Turbo alisimamisha masikio. Hakuvuta. Alinitazama, akalala chini, akangoja, kama anavyongoja nimalize chai. Nikamwambia, "Haya." Akaondoka mbele yangu polepole, kona hii na ile, mpaka kwenye geti moja la bati la kijani, akakaa. Nilipoona gereji iliyofungwa ubavuni nikatambua ni geti la nani, nikataka kugeuka. Yeye hakuinuka.

Mama yako alifungua. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Karibu, muzee," akasema. "Ingia, apa ni kwenu. Imbwa ibaki mbali na mukeka yangu." Uani kwake kulikuwa na watu wa kila mtaa na kila kabila, wamelala popote, na hakuna aliyeulizwa yeye ni nani. Akaniletea wali kwenye sinia. Nililijua lile sinia, lina ua jekundu katikati. Akasimama pale pale, mkono kiunoni. "Leo sinia aitarudi na chakula," akasema. Nilikula nikamaliza, nikaomba tena, naye akacheka mpaka akakaa.

Nitabaki hapa mpaka Gasenyi kutulie. Alfajiri adhana inalia, mama yako anaswali chumbani kwake, mimi na Turbo tunangoja getini. Akitoka kutusalimu ndipo tunaondoka. Kengele nimeifunga kwenye kitambaa. Hapa haina kazi.

Mtoto mwiteni Asiya, jina la mama yako. Mwambie Joëlla nimesema mimi.

Baba mkwe wako,
Hyacinthe