Aliyembatiza Pasta Eridadi

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimetoka kanisani na hasira. Kanisa letu la Wabaptisti hapa Bwera linatimiza miaka arobaini, sherehe ni mwisho wa mwezi. Leo Pasta Eridadi ametusomea historia atakayowasomea wageni wa Kasese. Eti mwaka 1985 Mungu alimwita kijana Eridadi kuanzisha kazi yake Bwera.

Kijana Eridadi! Alianzisha nini? Kanisa lilianza jikoni kwa mama yangu, Eseza. Alikuwa amebatizwa Beni, upande wa Congo, akarudi na Biblia. Watu wachache juu ya magunia ya muhogo, Mama anasoma kwa sauti, moshi unawatoa machozi. Kijana Eridadi alikuja kwa sababu alisikia kuna chai.

Jina la Mama halikutajwa. Hata mara moja! Naye kakaa benchi la mbele, anapiga makofi.

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimekwenda kwa Pasta. Mkewe, Sylivia, kaniweka nje kama mwuza nyanya. Pasta alipotoka nikamwambia: weka jina la Mama. Akacheka. Anasema Mama atatajwa pamoja na akina mama waliopika.

"Mwanamke hawezi kuanzisha kanisa, Phionah. Wala kufanya kazi ya mchungaji. Soma Biblia yako."

Kazi ya mchungaji! Na wewe nani alikubatiza?

Sikusema. Ilifika kwenye meno ikakwama. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama kando ya mto Lhubiriha, nimeshika viatu vya Mama. Pasta wa Kasese alikuwa aje kubatiza, maafande wakamrudisha kwenye kizuizi. Ilikuwa vita. Eridadi analia — atakufa kesho kabla hajabatizwa. Mama akaingia majini na kitenge chake. Akamzamisha, akamtoa, tukaimba. Pasta wa Kasese alipofika baadaye akasema yatosha, Mungu ameona. Hakuna aliyembatiza tena.

Hakuna!

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimemwambia Mama nitasema mbele ya watu. Hakuacha kumenya muhogo.

"Ukifungua mdomo, usiniite mama tena. Yule ni mtoto wangu."

Na mimi ni nani?

Jumapili, 13 Julai 2025

Nimesema.

Baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa washirika. Pasta akauliza kama kuna mwenye neno. Kaka yangu Davis, shemasi, akanikazia macho. Nikasimama hivyo hivyo. Nikasema kila kitu, mto, maafande, kitenge. Nikauliza: kama mwanamke hawezi, basi Pasta wetu amebatizwa na nani?

Sylivia akaruka: "Muongo! Mchawi!" Mtu nyuma yangu akanivua kitambaa cha kichwa. Mzee Hilaire, fundi wa baiskeli aliyetoka Kasindi, Congo, akasimama na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Mimi nilikuwa pale. Mama Eseza njo alimutia mu mayi. Batu bengine benye waliona beko makaburini, lakini mimi niko hapa." Wakamzomea. Mzee kama yule!

Pasta hakuniangalia hata kidogo. Alimgeukia Mama, sauti imekuwa ndogo. "Mama, ni kweli?"

Mama hawezi kudanganya, hajui hata pa kuanzia. Alisema neno moja tu. "Uliniomba."

Jumatano, 16 Julai 2025

Sokoni Mpondwe hakuna Mbaptisti aliyenunua unga wangu. Wanapita wakitema mate. Halimah wa meza ya jirani, Mwislamu, anauliza kama kweli tunagombania maji. Nikacheka, kisha nikashindwa kuacha kulia.

Mchana Davis akaja. Hakusalimia.

"Pasta ndiye alinibatiza. Wewe pia alikubatiza. Kama yeye si kitu, sisi ni nini? Harusi alizofungisha? Watoto niliowazika nikiwa na tumaini?"

Nikamjibu aende kumuuliza aliyesema mwanamke hawezi. Lakini ile ya watoto imeniingia. Amewazika wawili.

Jumapili, 20 Julai 2025

Nyoka! Pasta ametafuta njia na ameipata. Ametangaza kwamba siku ya sherehe Pasta mgeni wa Kasese atambatiza upya pale Lhubiriha. Kisha yeye mwenyewe atatubatiza wote upya. Na wa kwanza atakuwa Mama Eseza — ili atubu kosa la kuchukua kazi isiyo yake.

Wakapiga makofi. Davis pia.

Mama amefika nyumbani, ametoa gauni jeupe, analipiga pasi. Nikamwambia, Mama, usiende. Tangu ule mkutano hajanijibu neno.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Mama hali chakula. Anakunywa chai tu. Davis amempangia bodaboda. Mimi siendi. Wazame wote.

Jumapili, 27 Julai 2025

Nimekuja. Naandika hapa hapa mtoni, kwenye nyasi, mbali kidogo na wao.

Pasta mgeni amembatiza Eridadi. Ameibuka anakohoa. Kwaya ikaimba. Kisha Eridadi akabaki majini mpaka kiunoni, akamwita Mama.

Mama akashuka polepole, Davis kamshika mkono. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu, akasimama.

"Eridadi, mimi nilibatizwa," akasema. Hakupaza sauti, lakini tulisikia. "Na wewe ulikuwa umebatizwa."

"Mama, watu wanangoja."

"Wangoje."

Akarudi nyuma, akakaa juu ya jiwe, gauni limelowa chini. Sylivia anapiga kelele kwamba Davis amnyanyue. Davis alikuwa amevaa kanzu nyeupe tayari. Ameivua. Ameikunja, akakaa chini karibu na miguu ya Mama. Mzee Hilaire akafuata. Sasa waliokaa ni wengi, siwezi kuona wote. Wengine wanatukanana. Pasta mgeni ametoka majini, anatafuta viatu vyake.

Mama hajaniangalia. Labda hataniangalia tena.

Eridadi bado yuko mtoni. Ameinyoosha mikono, hakuna anayekwenda. Sasa ameishusha. Anamtazama Mama peke yake, kama hatupo.

"Mama," anasema, "nitoke?"