Roli Yenye Ncha Iliyokunjwa

Jumatatu, 6 Mei
Miguu inawaka moto. Mjomba ameniazima kamera ya studio wiki nzima — na lenzi ya zumu, ile ya kuvuta vya mbali! Kasema nikiiangusha nitafute ukoo mwingine.

Nataka picha moja tu ya maonyesho ya shule: lango letu, mara tatu juu ya kipande kilekile cha filamu. Unapiga kwa mbali, unazuia filamu isisogee, unavuta lenzi, unapiga tena. Halafu tena. Lango linakuwa kama linakujia. Ila roli ya leo yote imetoka nyeupe pe. Mjomba kacheka: mchuzi mmoja umeutia chumvi mara tatu! Mwanga hauna budi kugawanywa.

Jumatano, 8 Mei
Leo nimegawa. Kila pigo, theluthi ya mwanga. Kufuli la lango nimeliweka katikati kabisa, maana lenzi ikivuta, cha katikati hakihami. Roli nimeitoa kwenye droo ya mjomba.

Mlinzi kaniuliza lango halijahama tangu aajiriwe, sasa ninalivizia nini? Mara moja alilifungua ili mwalimu mkuu apite. Nikapiga hivyo hivyo, likiwa wazi, nyuma yake giza la ukumbi.

Roli imeisha. Nami nimeisha. Bado vyombo na hesabu.

Alhamisi, 9 Mei
Siwezi kula.

Mama mkubwa alikuja studio. Mumewe, baba mkubwa fundi cherehani, tumemzika mwezi uliopita. Hakupenda picha kabisa — akiona kamera anajifunika uso kwa kitambaa cha mteja. Mjomba tu ndiye aliyemvizia, roli nzima, akiwa kwenye cherehani, wiki moja kabla hajafa. Tangu msiba hajaisafisha. Kila siku kesho, kesho.

Mama mkubwa kamwambia: haya kaka wa kesho, kesho yako imefika? Fremu ameshanunua. Mjomba kafungua droo. Iko wapi ile yenye ncha iliyokunjwa?

Sikujua! Mjomba hairudishi filamu yote ndani ya kopo lake. Anaacha ncha nje, na iliyokwisha kupigwa anaikunja. Mimi nilidhani droo imeikunja. Niliinyoosha kwa kucha zangu mwenyewe, iingie vizuri kwenye kamera.

Nilimsaidia mjomba kupekua droo. Mjomba kasema ataitafuta, mama mkubwa arudi Jumapili.

Jumamosi, 11 Mei
Nimemwambia mjomba. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema shemeji yake alikuwa mtu wa kukimbia picha, na sasa amekimbia tena. Kisha: leta hiyo roli, tutaisafisha. Mama mkubwa utamwambia wewe, mdomo unao.

Jumapili, 12 Mei
Filamu imekauka. Tumeikagua kwa lenzi ya mkono, picha moja moja. Vyuma vya lango vimempita baba mkubwa kifuani. Mjomba naye huweka uso katikati, kama mimi kufuli. Basi kufuli liko mdomoni mwake, kubwa, dogo, dogo zaidi. Picha baada ya picha. Nimelia, mjomba kanipa kitambaa cha kufutia lenzi.

Halafu ile ya ishirini na mbili — lango lililokuwa wazi. Mwalimu wetu wa picha alitufundisha: penye giza filamu haichomwi tena, picha ya kwanza hubaki. Kwenye filamu kuna kitu pale katikati. Huenda ni paji la uso. Huenda ni mkoba wa mwalimu mkuu. Mjomba ameingia nayo chumba cha giza, kafunga mlango.

Mama mkubwa amefika mapema. Tumekaa benchi moja. Fremu iko mapajani, anaifuta kioo kwa ncha ya mtandio. Kaniuliza naandika nini mwanangu, mbona macho mekundu? Nimesema masomo. Kasema nisijichoshe.

Sitasubiri mlango ufunguke. Nikimaliza mstari huu namwambia.

Nimeumaliza. Anafuta tena pembe ileile. Mstari mmoja tu mwingine —