Samli Haijaguswa

Kihesa, Iringa
26 Februari 2024

Kwako mdogo wangu Lea,

Natumaini wewe na mtoto mmeamka salama. Sisi huku wazima. Amos ana mafua, na baba yake, Sosthenes, yuko kazini kama siku zote.

Hongera. Nimeandika kwenye daftari langu: Jumanne tarehe 20, saa nne asubuhi, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Nimeandika pia kwamba mama alifika kwako tarehe 18, siku mbili kabla ya uchungu, na kopo la samli ya ng'ombe wa nyumbani Ubaruku. Mimi nilipomzaa Amos, Juni 2019, mama alikaa kwangu siku nne. Samli sikuiona. Sidai kitu, nasema tarehe tu.

Na jina. Nashoni ni jina la marehemu baba. Mimi ndiye mkubwa. Ungeniuliza.

Usinipigie simu. Kwenye simu ulimi hunitangulia. Karatasi naweza kuichana nikaanza upya. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi. Jirani yako Mama Blessing, yule ambaye mumewe ana bajaji, akuchukulie stendi.

Dada yako,
Prisca


Soweto, Mbeya
28 Februari 2024

Shikamoo dada,

Barua imefika, imekunjwa kwa rula kama kawaida yako. Nimecheka, halafu nimelia kidogo. Mama anauliza kama bado unaandika mpaka idadi ya kuku wanaoingia sebuleni. Mafua ya Amos, mpe pole.

Jina alilichagua mama, na Asukile akakubali kwa simu kutoka Makongolosi. Mgodini bado hajapewa ruhusa, baba gani huyu hajamwona mwanawe. Kama tumekukosea, tusamehe.

Nashoni ananyonya vizuri. Mimi ndiye sielewi. Tangu jana kichwa kinauma na panadol haikigusi. Nikiinuka naona vimulimuli. Chakula sikitaki. Mama amenifunga kanga kichwani, anasema ni upepo wa uzazi na kutolala. Kliniki wakati wa mimba presha ilikuwa nzuri kila mara, kwa hiyo sina wasiwasi.

Nimekutumia picha kwenye simu. Usinitazame mimi, mtazame yeye.

Mdogo wako,
Lea


Kihesa, Iringa
1 Machi 2024

Kwako Lea,

Sisi hatujambo. Wewe sikuulizi hali, maana nimeiona.

Picha nimeikuza, nikailinganisha na ile ya Krismasi. Moja, kope zako zimejaa mpaka macho hayaonekani. Mbili, pete ya ndoa hujavaa. Bila shaka haipiti tena. Tatu, mguu ulioweka juu ya kigoda unang'aa kama andazi. Mwanamke wa siku kumi tangu ajifungue! Mimi siku ya kumi mbavu zilihesabika. Samli ya mama imekukubali kwelikweli.

Halafu unalalamika. Chakula hukitaki, aliyeshiba hakitaki. Vimulimuli ni kutazama simu mchana kutwa. Kichwa ni cha mtu anayelala huku mama wa miaka sitini na moja akifua nepi zake. Mimi nilifua mwenyewe siku ya tano. Iko kwenye daftari.

Mwambie mama nimemsalimu, kama atapata nafasi ya kusikia.

Dada yako,
Prisca


Kihesa, Iringa
9 Machi 2024

Lea,

Salamu ziwe fupi kama ukimya wako ulivyo mrefu. Siku nane.

Jumapili tarehe 3 namba yako iliita mara tatu. Sikupokea, nilishakwambia kuhusu simu. Kama nimekuuma, niandikie uniume. Au mama amekukataza? Basi, kaa naye. Mimi nimezoea.

Prisca


Soweto, Mbeya
12 Machi 2024

Shikamoo dada,

Naandika kwa vituo, mkono bado mzito. Barua zako zote mbili ninazo. Tumetoka hospitali juzi.

Ile ya kwanza Mama Blessing aliileta Jumamosi mchana. Nilishindwa kuisoma. Mistari ilikuwa inacheza, na upande mmoja wa karatasi ulikuwa haupo kabisa. Mama kusoma hajui, unajua, akamwambia Mama Blessing asome kwa sauti. Maskini, alipofika kwenye andazi akaanza kukohoa. Mama akasema, "Soma yote. Huyo namjua, ana wivu tangu ananyonya."

Akasoma mpaka samli na shibe. Mama alikuwa amemshika Nashoni. Akadakia, "Shibe gani? Samli haijaguswa. Kifuniko chenyewe sijafungua. Lea huyu hajameza tonge tangu Jumatano."

Akampa Mama Blessing mtoto, akapiga magoti, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipotoa kidole kishimo kikabaki pale pale. Akabonyeza tena. Akasema, "Mayu, mama wee! Ng'ombe akivimba bila kula, huyo hajanona. Anaumwa."

Mimi nikajibu kwamba nikilala kidogo nitapona. Akaniambia, "Utalala ukishapimwa." Ndipo nikamwambia nilichokuwa nimemficha, kwamba tangu asubuhi hapa chini ya mbavu za kulia panauma kama pamekanyagwa.

Mume wa Mama Blessing alitupeleka na bajaji. Mama njia nzima alimshika Nashoni kwa mkono mmoja na kunishika mimi kwa mwingine, anamgombeza dereva kwa kila shimo. Muuguzi akauliza nimejifungua lini. Siku kumi na moja, nikasema. Alinipima mkono huu, akanipima na ule, akaacha kuandika, akaita daktari. Presha 182 kwa 118.

Walinichoma sindano ya kuzuia degedege, inaunguza mwili mzima kama pilipili, wakanipa na dawa ya kushusha presha. Muuguzi alimwelezea mama taratibu: watu wanadhani kifafa cha mimba kinaisha mtoto akishatoka. Kinaweza kumjia mzazi hata wiki sita baada ya kujifungua, hata kama kliniki presha ilikuwa nzuri. Kichwa kisichosikia dawa, vimulimuli, maumivu pale juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba: usingoje kesho. Mama akauliza, "Tungengoja?" Muuguzi akamwambia, "Mama, shukuru mmekuja."

Jumapili mama alikupigia kutoka wodini. Mara tatu, kweli. Alitaka kukuambia kwamba nisipopona Nashoni aletwe kwako.

Mama anasema wivu wako ndio umeniokoa. Mimi sijui nikushukuru au nikutukane. Nikipata nguvu nitafanya vyote.

Mdogo wako,
Lea


Kihesa, Iringa
14 Machi 2024

Mdogo wangu Lea,

Pole. Pole sana. Nimechana karatasi tano.

Msiseme nimekuokoa. Dalili zote niliziona, nikazipanga moja, mbili, tatu, wala sikushtuka. Nilikuwa natafuta kosa lako. Aliyekuokoa ni mama, aliyejua kilichomo kwenye kopo lake.

Simu niliiona ikiita. Nilikuwa nakoroga uji wa Amos. Nikaigeuza kifudifudi.

Leo nimefungua daftari la 2019 nipate tarehe ile mama aliyonikimbia. Nilichokikuta ni hiki, mwandiko wangu: "15 Juni. Nimemwambia mama arudi kwenye mpunga wake. Ametaka kubaki, nimekataa. Sipendi anavyopanga vyombo." Miaka karibu mitano nimemdai siku ambazo mimi mwenyewe nilimnyima.

Na liko lingine. Nina mimba ya miezi mitano. Sosthenes peke yake anajua. Nilitaka mama awe wa pili kujua, nimwambie uso kwa uso. Nilipopanga safari nikasikia tayari yuko kwako. Mtoto huyu ndiye nilikuwa nimemwekea jina la baba. Sasa unajua uchungu wa barua zangu ulitoka wapi.

Jana nilikwenda kliniki nikamwambia muuguzi yaliyompata mdogo wangu wa damu. Amesema nimefanya vizuri kusema, na ameandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Presha ni 122 kwa 78. Nitapimwa kila wiki mbili, na baada ya kujifungua pia.

Mwambie mama habari hii. Au usimwambie, nipigie nimwambie mimi. Nitapokea.

Dada yako,
Prisca


Soweto, Mbeya
25 Mei 2024

Shikamoo dada,

Natumaini umeamka vizuri na huyo mzigo wako. Kuongea tunaongea kila siku, lakini hili kwenye simu nisingeliweza.

Jumatano nilikuwa kliniki. Presha 116 kwa 74, wiki ya nne bila dawa. Wamesema nikibeba mimba nyingine niwaeleze tangu siku ya kwanza. Nashoni anacheka na kila mtu, mpaka na kuku.

Mama amepanda basi la kwako asubuhi hii. Nilimwomba abaki mpaka Jumatatu. Akasema, "Wewe umepona. Mwenzako tumbo linamlemea, na miguu yake nataka niibonyeze mwenyewe." Jana alipokuwa anafunga mizigo alikuwa anaimba, nyimbo zile za Kisukuma za kupura mpunga. Miezi mitatu hapa kwangu sijamsikia akiimba hata mstari.

Basi lilipoondoka hakugeuka nyuma. Nimerudi ndani nimekaa kwenye godoro lake, nimeona wivu. Prisca dada yangu, kumbe kinauma hivi kitu hiki? Na wewe ulikaa nacho miaka yote hiyo!

Atafika kwenye saa kumi. Umpokee stendi mwenyewe. Vyombo aviweke anavyotaka.

Mdogo wako,
Lea