Kifurushi cha Tatu

Jumanne, 11 Machi

Jana saa nne na dakika kumi asubuhi nilipoteza kifurushi cha dozi za watoto, kipande cha programu kinachobeba hesabu zake. Kwa mkono wangu mwenyewe, nikisafisha kompyuta ya zamani ya ofisi. Gigabaiti 61 za takataka nje — nikajipongeza! Leo ndiyo nimejua nilichofuta.

Nilikuwa narekebisha programu ya hospitali. Mstari mmoja tu. Ilikuwa inakweza uzito: mtoto wa kilo 2.6 anahesabiwa kilo 3, dozi inazidi kwa asilimia kumi na tano. Kosa langu. Dakika nne, limekwisha. Halafu kuiunganisha programu upya — imegoma. Mara sita. "Huna ruhusa."

Nimefuata uzi. Programu inaita kifurushi cha kwanza: chetu, kinafunguka. Hicho kinaita cha pili: chetu. Cha pili kinaita cha tatu, chenye jedwali la dawa 312 — na cha tatu kimo kwenye akaunti ya shemeji, mtandaoni. Mume wa mdogo wangu! Aliyeondoka hapa miaka miwili iliyopita akibamiza mlango.

Kanifungia leo, kwa makusudi. Mtu wa visasi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwonea. Kidogo. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha alifunga siku ileile aliyoondoka. Miaka miwili kompyuta ya zamani ilikuwa inatumia nakala iliyojiwekea, haikuwahi kubisha hodi kwake. Mimi nikaifuta nakala.

Na nani alimwambia akiweke kwenye akaunti yake? Mimi. "Weka kwako kwa muda, tutakihamisha." Muda!

Programu iliyoko hospitali imeshasagwa kuwa lugha ya mashine, jedwali halitoki humo. Kuliandika upya na kulihakiki: siku tisa.

Sista wa wodi ya watoto kapiga simu mara tatu. Wamezima mfumo kwa ajili ya lile kosa la uzito, manesi wanapiga hesabu kwenye karatasi. Watoto 43 jana. "Mama Kompyuta, mstari mmoja siku mbili? Ungekuwa ukurasa si tungestaafu!" Nikacheka. Haikunichekesha.

Nimemtumia shemeji meseji: fungua kifurushi. Kimya.

Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu kaja ofisini, kakaa kwenye kiti kilekile cha mumewe. Nikamwambia amwambie afungue.

"Dada, mimi si posta."

Kisha akatoa la moyoni. Mumewe hana neno na kufungua. Neno lake ni ukurasa wa kwanza wa mfumo: umetengenezwa na — halafu jina langu, basi. Zile dawa 312 kaziingiza yeye, moja moja, miezi mitano. Na meseji ya jana? Amri tupu, hata salamu hamna. "Muombe kama mtu, dada. Yeye si mashine."

Nilimfundisha mimi! Mimi niliyeanza kwa kuwachapia watu barua kwenye kona ya duka, bila mtu wa kunishika mkono. Nimemwambia hivyo. Akachukua mkoba wake.

Saa kumi, sista tena. Hakutania. Nesi kakosea nukta: 2.6 ikawa 26. Mwenzake kamdaka sindano iko mkononi.

Nimefungua ukurasa wa kwanza. Nimeandika jina lake, juu ya langu — ni alfabeti tu, si heshima. Halafu nikakumbuka: halitaonekana popote mpaka programu iungane. Na haiungani bila yeye!

Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili na dakika tano asubuhi. Nimeandika "nakuomba", nikafuta. Nikaandika tena. Nimetuma hivi:

"Shemeji, habari za asubuhi. Jina lako nimeliweka, ufungue usifungue. Jana mtoto alikaribia kupewa dozi mara kumi. Kosa lilianzia kwangu. Nakuomba. Wodi inaanza kugawa dawa saa tatu. Usinieleze ya nyuma kwanza, baadaye nitayasikiliza yote, hata kwako nitakuja. Sasa hivi nijibu moja: unafungua au hufungui? Kabla ya saa tatu kasorobo."

Saa mbili na dakika kumi na nane. Kasoma.